Waletwe na Nani?

Mkude, mume wangu,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea, marahaba, lakini ilikuwa imepoa. Shikamoo ya miaka miwili hupoa. Baba yako alipokuchukua kukupeleka kwao Ukaguru, ukasome kwa wale Waingereza wa misheni, ulikuwa na shingo nyembamba kama ya korongo, ukaniambia, "Bibi, mahindi yakikauka nitakuwa nimerudi." Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakaliwa, yakapandwa mengine, nayo yakaliwa. Hata kuku aliyetoroka hurudi kuangalia kama kiota chake kingalipo. Wewe unakuja na viatu, unakaa siku mbili, ya tatu unashuka mjini. Siku mbili! Mtu anayeharisha hukaa kichakani muda mrefu kuliko huo.

Felista anacheka, anasema hilo haliandikwi kwenye barua. Nimemwambia aandike.

Felista unamjua, mkewe katekista, yule aliyefundishwa kuandika na masista. Yeye ana kalamu, mimi nina mdomo. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe. Karatasi hii utaletewa na Mama Kibua, anayeshuka kesho alfajiri na mboga zake kwenda sokoni Morogoro. Nimemwagiza apite kwanza stesheni, akukute kabla gari moshi halijaondoka kwenda Ngerengere. Amesema akikukosa atafungia tumbaku. Basi ukiisoma, ujue miguu ya Mama Kibua ilikimbia.

Habari za kula na kulala na kufua sikuandikii. Una mikono. Mama yako amekwisha kukuambia usilale karibu na maji, nawe umekwisha kumwitikia "ndiyo mama" huku unafunga kamba za viatu. Hayo yameisha.

Nataka kusema juu ya karatasi yako.

Unakumbuka juzi, jua lilipokuwa linaelekea mlimani, nimekaa mlangoni namenya magimbi, nawe umeketi juu ya kinu changu kama jumbe. Nikakuuliza, hicho Kiingereza umekijua kweli au umejua kuvaa tu? Ukanifundisha. Ulisema ni lugha nyepesi, inajengwa kama uzio, mti baada ya mti. Unashika neno dogo unaliweka mbele, unafuatisha "bi", halafu tendo. "Masti bi," ukasema, ni lazima kifanywe. "Keni bi," chaweza kufanywa. "Shudi bi," yafaa kifanywe. "Mei bi," huenda kikafanywa. Nikasema nawe, ulimi wangu ukajikwaa, ukacheka mpaka ukataka kuanguka kwenye kinu.

Nikakuuliza, "Na mwenye kufanya mnamweka wapi?"

"Mwisho, Bibi. Unaweka 'bai', halafu unamtaja. Ndiyo ile 'na' yetu. Kimefanywa na fulani."

"Vizuri."

"Lakini si lazima. Mwalimu alisema mara nyingi huachwa."

"Huachwa na nani?"

"Ah, Bibi! Huachwa tu. Kama hajulikani. Au kama hana maana. Au kama hutaki kumtaja."

Gimbi likaniponyoka likaangukia majivuni. Ukainuka ukaniokotea, mtoto mwema, ukalipuliza, ukaendelea na habari zako. Hukuona uso wangu.

Kisha ukatoa ile karatasi ya bwana wako mpya, Mwingereza wa shamba la miti ya mpira, ile utakayowasomea watu wa huku sokoni, ukanisomea kwanza kwa lugha yao ili nisikie inavyolia, halafu ukaigeuza. Naikumbuka neno kwa neno. Mtu asiyesoma hana pa kuweka maneno ila kichwani. Karatasi ilisema hivi: watu arobaini lazima waletwe kutoka milimani kabla ya mvua. Wanaweza kupewa vibanda. Na kazi ikiisha, huenda wakaruhusiwa kurudi makwao.

Nikakuuliza, "Waletwe na nani?"

Ukatazama karatasi. Ukaigeuza nyuma, kana kwamba mtu amejificha huko. "Haikuandikwa, Bibi."

"Haikuandikwa na nani?"

Ukacheka. Ukaniambia, "Mke wangu leo una maneno! Mimi ni karani. Mimi ni kinywa tu, kinywa hakina kosa." Nami nikamenya magimbi yangu. Uliwaambia wa nyumbani kwamba Bibi amechoka. Sikuchoka, Mkude. Niliogopa, kwa sababu maneno hayo uliyoyasema niliwahi kuyasema mimi, yote, kwa mpangilio huo huo. Mimi ni kinywa tu, kinywa hakina kosa. Nilidhani nimeyazika. Kumbe yalikuwa yanakusubiri wewe uote ndevu.

Sasa sikiliza, na usiruke mistari.

Wajua kwamba nilipokuwa msichana nilishuka pwani na marehemu babu yako, aliyekuwa mpagazi wa misafara. Huko sikuleta mali. Nilileta Kiswahili. Tuliporudi huku juu, watu hawakukijua, walikijua wawili watatu, nao walikijua cha kununulia chumvi. Wadachi walipoweka akida wa kutoka pwani kutuamuru, yule akida hakujua neno moja la Kiluguru, na jumbe wetu mzee hakujua neno moja la Kiswahili. Basi jumbe akaniweka ubavuni pake. Akida akisema, mimi nageuza. Watu wakijibu, mimi nageuza. Wanawake wenzangu waliniita Kinywa cha Jumbe, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda. Nilikuwa nikipita kisimani wananipisha.

Siku moja akida akaja akasimama pale penye njia kuu ya kushukia mjini. Nyasi zilikuwa zimeifunga. Akanitazama mimi akasema, na nakupa maneno yake yalivyokuwa: "Mama, waambie watu wa ukoo wako, wanaokaa upande huu wa kijito, wailime njia hii mpaka kule penye mwamba. Watu wako, si wengine. Mwezi mwingine usiandame njia iko hivi."

Watu wako, si wengine. Alitaja.

Na ilikuwa wakati gani? Wakati mpunga wetu wa bondeni umeiva na ndege wako juu yake. Mjomba wako mkubwa alikuwa analala na homa. Wadogo zangu wawili walikuwa hawajarudi kutoka kazi ya boma waliyochukuliwa mwezi uliotangulia. Nikahesabu mikono ya ukoo wetu nikaona haitoshi njia na mpunga. Nikawageukia watu, wa upande wetu na wa upande wa pili, wote walikuwepo, nikasema kwa lugha yetu:

"Bwana anasema njia hii lazima ilimwe kabla mwezi haujaandama."

Basi.

Akida akaitikia kwa kichwa, maana alisikia sauti yangu imekwenda mbele ikarudi. Jumbe akaitikia kwa kichwa. Watu wakasema, sawa, ilimwe. Wakatawanyika.

Umeona nilichofanya? Sikusema uongo. Hilo ndilo lililonidanganya mimi mwenyewe miaka yote hii. Kila neno lilikuwa kweli. Njia ilikuwa lazima ilimwe. Nilichokitoa ni kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, nilitoa "na". Nilimeza wenyewe wa kazi, nikalitema tendo peke yake likasimama njiani halina mtu.

Nilidhani nimefanya busara. Nilijisemea, watu wa upande wa pili ni wengi, wataanza wao, sisi tutawakuta mbele tukimaliza mpunga. Kwa nini wasianze? Wamesikia lazima. Lakini, mume wangu, lazima isiyo na mtu haina miguu. Upande wa pili walisema, wataanza wale wa karibu na njia. Sisi tulikuwa tunafukuza ndege. Siku zikaisha, nyasi zikafika kiunoni, mwezi ukaandama ukatukuta tunatazamana.

Akida akaja na askari wawili. Akaiona njia. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, nani aliyetakiwa kulima hapa?"

Hapo palikuwa na nafasi. Nataka ulione hilo jambo vizuri kuliko yote. Palikuwa na nafasi ya kusema, sisi, bwana, ukoo wangu, na mimi sikuwaambia. Neno hilo lingeweza kutoka. Nikasema, "Bwana, watu waliambiwa ilimwe."

Watu. Waliambiwa. Ilimwe. Sikia hayo maneno matatu, kama nyumba tatu zisizo na mlango.

"Watu gani?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Na njiani pale pale akatokea Mbegu. Wewe hukumjua, ulikuwa hujaota meno ya pili. Alikuwa mwana wa pekee wa Mwanaidi wa upande wa pili, kijana mcheshi, anayetaniana na kila mtu. Alikuwa anatoka shambani kwake mwenyewe, jembe begani. Akatuamkia. Akanitania hata mimi, "Shikamoo Kinywa, leo umefunga?" Akida akamtazama, akalitazama jembe, akaitazama njia. Akasema, "Huyu jembe analo, na njia haikulimwa."

Wakamshika. Wakampiga viboko ishirini na vitano pale pale juu ya nyasi, halafu wakaenda naye boma kupasua mawe, na mnyororo. Alirudi baada ya masika, amekwisha, anakohoa. Hakumaliza mwaka.

Felista ameweka kalamu chini. Nimemngoja.

Tunaendelea.

Nilikaa msibani siku zote. Nilipika, nilichota maji, nililia kwa sauti kuliko wote. Na watu walipokuwa wanapita kijiji kwa kijiji kupeleka habari, walisema tunavyosema: Mwanaidi amefiwa na mwanawe. Juzi nilikuuliza kama Waingereza wanalo neno hilo, kufiwa, ukafikiri sana, ukasema hawana, kwao mtu hafiwi. Nikajivuna kidogo, kwamba lugha yetu inajua jambo ambalo yao haijui. Lakini ulipokwisha kuondoka nikalitazama tena lile neno. Amepigwa na askari: aliyetenda ni askari. Ameumwa na nyoka: aliyetenda ni nyoka. Amefiwa na mwanawe. Ukilisikia hivyo hivyo, aliyetenda ni nani? Mtoto. Kana kwamba Mbegu ndiye aliyemtenda mama yake jambo hilo, kwa kufa. Miaka yote hiyo ile "na" pekee iliyosemwa katika habari ya Mbegu ilimwangukia Mbegu mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa pale na kikapu changu cha unga, nasikia, nakubali.

Mimi nilipoulizwa na watu wa mbali, nilisema, alipigwa. Ni kweli, alipigwa.

Usidhani nayachukia maneno ya namna hiyo. Siyachukii, na Felista asije akakuambia Bibi amekuwa mwendawazimu. Wakwe wakifika hapa sisemi "wewe binti, kalete maji." Nasema, maji yaletwe. Ni adabu. Binti haaibiki mbele ya wageni, na anajua ni yeye, kila mtu anajua ni yeye, na asipokwenda tunamtazama anainuka. Ndani ya nyumba neno hilo ni kama khanga, linamsitiri mtu ambaye wote tunamjua. Likitoka likaenda boma, likaenda shambani kwa bwana, halimsitiri mtu, linamficha. Na anayefichwa na anayeumizwa, siku zote ni watu wawili mbalimbali. Mimi nilijificha, Mbegu akaumia.

Ulipoondoka jana mchana nilikaa. Nilitaka kulala, usingizi ukanikataa. Asubuhi ya leo nikachukua fimbo nikavuka kijito kwenda kwa Mwanaidi. Wajua tulivyo na yeye: tunauza ndizi pamoja, tunapeana mbegu za maharage, mwaka juzi nilipoumwa mguu yeye ndiye aliyenikanda. Nilimkuta anapura maharage uani. Akaniambia, "Karibu, jirani. Mjukuu amekwenda? Amekuwa mrefu kama mnazi, na mwembamba hivyo hivyo." Nikasema ndiyo. Nikakaa. Akanipa ungo nami nipepete.

Nikapepeta nikamwambia. Nilimwambia yote niliyokuambia wewe, kwa mpangilio huo. Nilisema, "Mwanaidi, akida aliutaja ukoo wangu. Mimi ndiye niliyemeza jina. Mbegu alipigwa kwa ajili ya ulimi wangu."

Hakuacha kupura. Akapiga fimbo yake kumi, kumi na tano. Kisha akaniuliza, "Mbona leo?"

Nikamweleza habari za karatasi yako.

Akasema, "Kwa hiyo hukuja kwa ajili ya mwanangu. Umekuja kwa ajili ya mjukuu wako."

Nikaendelea kupepeta, Mkude.

Akachukua ungo mikononi mwangu, taratibu, bila kunyang'anya. Akasema, "Siku zile nilikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa nawaambia watu, mwone jirani yangu anavyonililia mwanangu. Ondoka. Usije hapa mpaka nikuite." Nikainuka. Nilipofika uzioni akaniita, nikageuka, kumbe nilisahau fimbo. Akanitupia.

Sijui kama nitaitwa. Akifa kabla hajaniita, basi. Akiniita akanitukana, nitakwenda nitukanwe. Lakini nataka ujue jambo moja ambalo sikulitazamia: nilipokuwa navuka kijito kurudi nilikuwa nalia, na bado nilikuwa mwepesi kuliko nilivyokuwa asubuhi. Si kwamba nimesamehewa. Kwamba sasa yule mwanamke ananichukia mimi, kwa jina langu, kwa kosa langu. Awali alikuwa anampenda mtu mwingine.

Basi, karatasi yako.

Sikukatazi kazi. Mama yako amekwisha kujisifu mpaka kisimani, na mimi mwenyewe nimejisifu kidogo, mjukuu wangu anasoma lugha mbili na ya tatu anaiparura. Na najua kwamba usipokwenda wewe watamweka mwingine. Sitaki kukuambia wewe ni mkubwa kuliko bwana wa shamba. Sisi sote tuko chini ya mtu, na yule bwana naye yuko chini ya Mdachi. Lakini nimekaa na ile karatasi kichwani siku tatu naichambua kama mchele, nami nimeona kitu ambacho wewe, kwa haraka yako ya kunionyesha unajua, hukukiona. Tazama maneno yako madogo yalivyopangwa. Kuletwa kwao ni masti bi. Vibanda vyao ni keni bi. Na kurudi kwao makwao, mume wangu? Mei bi.

Aliyeandika hivyo si mjinga. Aliyapima.

Na hao arobaini si maharage. Ni watoto wa huku. Watakapokusanyika sokoni kukusikiliza, hawatakuwa wanamsikiliza Mwingereza, hawamjui. Watakuwa wanasikiliza sauti ya Mkude, mwana wa binti yangu, aliyechezea uani kwao. Watakwenda kwa ajili ya sauti yako. Mimi nayajua hayo, maana nami nilikuwa na sauti. Akida asingeweza kutufanya lolote bila mtu wa kuyageuza maneno yake yakawa yetu. Kinywa hakina kosa, umesema. Kinywa ndicho kilichomla Mbegu.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo sokoni, nenda kwa bwana wako, simama wima kama walivyokufundisha, umuulize kwa lugha yake. Waletwe na nani? Waruhusiwe na nani? Mtu akiumia huko, atarudishwa na nani? Muulize kwa adabu, hawezi kukuua kwa swali la kitabuni, si ndivyo walivyokufundisha wenzake? Akikupa majina, yaandike. Akikasirika, nalo ni jibu, litie mfukoni.

Kisha usome karatasi mbele za watu kama ilivyo, usiongeze utamu. Ukimaliza, useme mwenyewe kwa kinywa chako: "Mtaletwa na mimi." Jaribu kulisema hilo leo, hapo stesheni ulipo, kimya kimya, kabla gari halijaja. Mtaletwa na mimi, Mkude. Likitoka vizuri, nenda. Likikukwama, usilitafutie njia ya kuzunguka kama nilivyofanya mimi. Mimi niliipata njia ya kuzunguka haraka sana, kwa sababu nilikuwa hodari wa maneno. Nawe ni hodari, umenirithi, na ndilo linaloninyima usingizi. Mjinga angekwama. Sisi hatukwami.

Na likikukwama, urudi nyumbani. Watu watacheka, mama yako atanuna mwezi mzima, mimi nitakupa jembe. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuchekwa na Mama Kibua, ingawa wako waliotamani.

Felista anauliza kama niseme neno la Mungu mwishoni. Nimemwambia kwamba Mungu ananisikia tangu mwanzo wa karatasi.

Nimechoka sasa, na huyu ana watoto wa kulisha. Neno la mwisho ni la siku utakayokuja tena, na hili si la kujadili. Ukiwa umekwenda na mtu yeyote wa huku, mmoja au arobaini, ukirudi usianzie kwangu. Usiniletee sukari wala kitambaa. Pita kwanza kwa mama wa kila mmoja, hata kama ni mbali, hata kama viatu vinakubana. Uingie uani, ukae chini, uvue kofia, umwambie: mimi ndiye niliyemchukua mwanao, yuko mahali fulani, ana hali fulani. Kama hujui hali yake, umwambie hujui. Kama kuna lililompata, ulitaje, na aliyelifanya umtaje, hata akiwa ni wewe. Akikupa maji, unywe. Akikufukuza, usibishane naye, inuka uende kwa mama mwingine. Ukiwamaliza wote, ndipo upande kwangu.